Ringi za Wageni za Daraja la Nyadundo

Mmeniuliza mara tatu pale sokoni Kibuye, kati ya milio ya nyundo, nilikwenda wapi siku zile sita, na kwa nini tangu nirudi nahangaika na chuma cha pembe nne ambacho si cha dirisha wala mlango wa mtu. Nikawajibu vibaya. Mdomo wangu hauwezi kulisema jambo hili kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukifika katikati unageuka matusi. Kwa hiyo naliandika. Mimi nilifika darasa la nne tu. Mnaoweza kusoma mtawasomea wengine, na msinirekebishe.

Jinsi Injinia Jagdev alivyonipata siandiki. Alikuja kutengenezewa grili, akanikuta nikiyalaani madaraja kama kawaida yangu, basi. Yeye ni Kalasinga wa hapa hapa Kisumu, mzee wa kilemba cheupe, na Dholuo chake kimenyooka kuliko cha watoto wangu. Alikuwa amepewa kazi ya kuzunguka kando ya ziwa kuangalia madaraja ya zege ya zamani, aseme ardhi ikitetemeka lipi litasimama na lipi litakaa chini. Michoro mingi ilikuwa imepotea, kwa hiyo alitaka mtu aliyefunga vyuma kwa mikono yake. Mimi nilifunga nondo za daraja la Nyadundo, kule ng'ambo ya Katito, miaka zaidi ya kumi iliyopita. Na mguu wangu wa kushoto mnaujua.

Nilimwambia kitu kimoja tu kabla hatujaondoka: "Daraja la Nyadundo lilijengwa na wezi."

Akanijibu taratibu, "Ndugu yangu, kila daraja naambiwa hivyo. Mimi siandiki hasira. Naandika chuma. Nikikipata nasema kipo, nisipokipata nasema hakipo. Nikisema ni zima, hakuna mtu atakayeligusa tena mpaka wajukuu zetu wazeeke."

Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Basi litapita pale kila siku na akina mama wa soko juu ya mizigo yao, na karatasi itasema ni zima.

Kisumu hadi Maseno

Tulikuwa watatu kwenye Land Rova. Dereva aliitwa Kizito, mtu wa Vihiga, mdomo wake haukuwa na breki, na za gari lake zilikuwa za kubahatisha. Hatujafika hata Kisian akaanza.

"Mzee Yona, kaa vizuri. Unajigeuza geuza kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Endesha gari."

"Naendesha. Wewe ndiye unayetikisa. Injinia, andika hapo: tetemeko la kwanza, kiti cha nyuma."

Injinia akacheka mpaka kilemba kikagusa dari. Mimi sikucheka. Ni kweli sikuweza kutulia. Mguu ulikuwa unauma, halafu ukiacha kuuma ndiyo mbaya zaidi, maana naanza kuusubiri.

Kwenye mwinuko wa kupanda Maseno maji ya rejeta yalichemka. Tukakaa kando ya barabara muda wa ibada nzima, tukila mahindi ya kuchoma, Kizito akipuliza ndani ya mpira kama mtu anayepiga baragumu. Mimi nilitembea huku na huku. Nikiambiwa keti, naketi, halafu najikuta nimesimama tena.

Daraja la kwanza lilikuwa mbele ya Maseno, dogo tu. Hapo ndipo nilipoona vyombo vya injinia. Alikuwa na nyundo ya springi, ambayo ukiisukuma kwenye zege inaruka nyuma na kukuonyesha namba ya ugumu. Alikuwa pia na kisanduku chenye waya, na mwisho wa waya kichwa kama cha pasi. Ukikipitisha juu ya zege, kikikutana na chuma kilicho ndani, kinalia. Kila kinapolia anachora mstari kwa chaki. Baada ya muda nguzo yote inakuwa na mistari, na wewe unasoma mifupa ya ndani bila kuvunja kitu. Nilikiangalia kile kisanduku nikakipenda kuliko watu wengi ninaowajua. Nikajiambia, hiki kitasema chenyewe. Mimi nitanyamaza.

Watu walijaa, kama kawaida. Mama mmoja mwenye beseni la parachichi akauliza kisanduku kinalilia nini.

"Dhahabu, Mama," Kizito akasema.

Ni mzaha tu. Lakini upande ule watu wanachekecha dhahabu kwenye mito tangu zamani, na neno lile halichezewi. Tulikwenda kunywa chai. Tuliporudi tuliwakuta wanaume saba na majembe, wamechimba mguu wa nguzo mpaka magotini, na mmoja ameshaweka mipaka ya vijiti vya kwake.

Injinia alishika kilemba kwa mikono miwili. "Nimekuja kupima kama litaanguka," aliwaambia kwa Dholuo, "na nyinyi mnalisaidia lianguke?"

Mwenye vijiti akasema, "Jaduong', mzee wetu, wewe chukua upande wa juu. Sisi tunatosheka na huu."

Tulitumia mchana wote kuwabembeleza wafukie shimo. Hawakuamini. Mpaka tunaondoka, yule mwenye vijiti alikuwa amekaa juu ya udongo uliofukiwa, akitusindikiza kwa macho, anasubiri tupotee.

Jioni ile, tukila nyoyo, mahindi yaliyochemshwa na maharage, kwa mama mmoja karibu na njia ya chuo, nilimuuliza injinia kwa nini anafuata zile ringi tu. Ringi ni vyuma vyembamba vya kuzungushia nondo ndefu zinazosimama ndani ya nguzo. Akachukua vipande vya miwa alivyokuwa anatafuna Kizito, akavisimamisha pamoja, akavifunga kwa uzi wa kilemba.

"Weka mkono juu. Sukuma kwa upande."

Nikasukuma. Vikainama pamoja, vikarudi. Akafungua uzi. Nikasukuma. Vikatawanyika kwenye sahani.

"Uzito unatoka juu, na hata nguzo mbaya inaubeba," alisema. "Tetemeko linasukuma kutoka pembeni. Siku ile kinachoishikilia nguzo ni huu uzi. Na ncha zake lazima zikunjwe kuelekea ndani, kwenye moyo wa zege, ili zisifunguke."

"Muwa wangu nani ataulipa?" Kizito akauliza.

Mimi nilianza kuokota vipande vya miwa. Nilikuwa najua. Nilijua kabla yake, na nilijifunza kwa njia ambayo siwezi kumtakia hata Erasto Ogada.

Maseno hadi Bondo

Sasa nataja majina, maana mnasema mimi hulaani hewa.

Kontrakta wa Nyadundo alikuwa Erasto Ogada. Nyapara wake alikuwa Zakayo Owiti. Inspekta aliyekuwa anakuja kukagua vyuma kabla ya kumwaga zege alikuwa Fanuel Kisaka. Ogada alikufa kwa kisukari kitandani kwake, juu ya godoro zuri. Kisaka sijui aliko. Zakayo yuko Bondo, mzee wa kanisa, na injinia alitaka kumwona kwa sababu alisikia kwamba ana daftari la kazi.

Njia ilikuwa vumbi na mashimo. Tulipoteza saa mbili nyuma ya lori lililobeba kuni, limekwama, na watu wote wakatoa ushauri na hakuna aliyesukuma. Tulifika kwa Zakayo mchana, jua kali, nami natoka jasho kama mshtakiwa.

Amenenepa. Alinikumbatia mbele ya wageni. "Yona! Bwana asifiwe. Mguu vipi?"

"Uko ulipouacha."

Akageuka haraka kwa injinia, akatuketisha kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma. Mke wake akafungua kabati la vioo, akatoa vikombe vyenye maua ya bluu. Nyumba zote za kwetu zinavyo vikombe hivi. Watoto hawavigusi. Mgeni akija vinatoka, mgeni akienda vinaoshwa na kurudi kabatini, na wenyewe wanaendelea na vikombe vyao vya bati. Niliposhika kile kikombe nilikirudisha mezani haraka, chai ikamwagika kwenye kitambaa.

Nawaeleza kwa nini. Nyadundo ina nguzo nne, na tulizijenga moja baada ya nyingine. Mchoro ulitaka ringi kila baada ya shibiri moja, ncha zimekunjwa ndani. Ogada akaona chuma ni kingi na kazi inachelewa. Zakayo akapata dawa. Tulikunja ringi za nguzo moja tu, nzuri sana, kama za kitabuni, tukazifunga kwenye nondo kwa waya laini, kidogo kidogo, za kufunguka kwa mkono. Inspekta Kisaka anakuja, anachungulia, anahesabu, anatia sahihi, anakwenda kula kuku kwa Ogada. Gari lake likipotea, mtu anapanda juu, anazifungua na kuzivua zile ringi kwa juu, kama unavyomvua mtu fulana. Tatu zinaachwa chini na tatu zinarudishwa juu ili nondo zisilale, na sita nyingine zinakunjwa kujaza pengo. Fomu ya mbao inafungwa, zege linamwagwa. Na zile zilizovuliwa zinasubiri inspekta kwenye nguzo inayofuata.

Tuliziita ringi za wageni. Tulicheka sana kwa jina hilo.

Aliyekuwa anapanda juu kuzivua ni mimi. Nilikuwa mwepesi wakati ule. Rafiki yangu Nikodemo alikuwa anapokea chini. Jambo hili sikuwa nimemwambia injinia, wala mke wangu, wala nyinyi. Nimewalaani akina Ogada miaka yote, na kila laana naianzia kwa aliye juu yangu, kwangu haifiki.

Daftari la Zakayo, kwa bahati, liliungua. Hivyo alisema.

"Lakini Nyadundo ni zima, Injinia," akasema. "Kila nguzo ilikaguliwa. Sahihi zipo."

"Mwongo," nikasema.

Mke wake akashusha birika. Zakayo hakukasirika hata kidogo, alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo ilinichoma. "Yona, ukitaka kuongea juu ya vyuma, ongea vizuri. Anza na mikono. Ilikuwa mikono ya nani?"

Nikasimama nikatoka nje. Injinia aliponikuta kwenye gari aliuliza yule mzee alimaanisha nini. Nikamwambia ni maneno ya kanisa.

Kisumu tena, halafu Ahero

Tulilala Kisumu njiani, na mke wangu akaniuliza kwa nini nimerudi kama mtu aliyefukuzwa. Asubuhi tukashika njia ya Ahero. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, na nyinyi mnajua uwanda wa Kano: mvua inanyesha kwa wengine, maji yanakuja kwetu. Kabla ya kufika mjini, barabara ilikuwa imegeuka ziwa la rangi ya chai ya maziwa. Magari yalipanga foleni. Mtu mmoja alivuka amebeba mlango wa nyumba yake kichwani, akasalimia kila dereva kwa jina.

Siku nzima. Kizito alilala. Injinia alifungua mkebe wa achari ya maembe aliyopewa na mkewe, akaila na wali wa Ahero na samaki tuliouziwa na mama aliyekuja kwa miguu majini, sufuria kichwani, akipita gari hadi gari kama mhudumu wa hoteli.

"Kula, Yona. Hujala tangu jana."

"Naangalia maji."

"Maji hayapungui kwa kuangaliwa."

Nilikuwa naangalia ng'ambo ya maji. Kule, kwenye mfereji mmoja wa mashamba ya mpunga, Ogada alijenga kidaraja mwaka uliofuata Nyadundo. Inspekta hakuja hata mara moja, kwa hiyo hata ringi za wageni hazikuhitajika. Tulikuwa chini yake, mimi na Nikodemo, tunakula mchana kivulini. Ardhi ikatikisika. Si sana. Ilikuwa kama lori zito linapita, lakini hapakuwa na lori. Watu wa Ahero mjini walisema baadaye vikombe vililia kabatini, basi. Nikodemo akasema, "Omera, ndugu, umesikia?" Nikageuka kumjibu. Nguzo iliyokuwa nyuma yake ilikuwa inavimba katikati. Niliona zege linabanduka kama ganda la yai, na nondo zikafumuka nje kama mbavu za kapu lililokanyagwa. Halafu sakafu yote ikaja.

Nikodemo hakujibiwa. Mimi nilitolewa baada ya saa ambazo sikuzihesabu. Ogada alisema ni mafuriko. Kisaka akaandika ni mafuriko. Ilikuwa kiangazi.

Sikumwambia injinia yote. Nilimwambia nguzo na nondo. Aliacha kula, akafunga mkebe wake.

"Ulipokuwa unaifunga hiyo nguzo, uliona haina ringi?"

"Tuliambiwa tuharakishe," nikasema. Kila nilipofika mlangoni pa kusema, niligeuka.

Ahero hadi Nyadundo

Maji yalishuka siku ya pili, tukapita Katito, tukateremka upande wa ziwa. Kizito hakuwa na mzaha tena, labda matope yalimmaliza, labda uso wangu.

Mto wa Nyadundo ulikuwa umejaa. Nguzo tatu zilisimama ndani ya maji ya kahawia, na moja, ya nne, ilikuwa kavu kwenye ukingo wa pili, majani yameota miguuni pake.

"Nguzo moja kwa kila daraja," injinia akasema. "Kontrakta mmoja, mchoro mmoja, mafundi walewale. Tutapima ile kavu."

Nikasema sawa. Tena nilifurahi. Nilishika kisanduku mwenyewe, nikakipeleka mpaka kwenye nguzo kama mtu anayebeba mtoto kwenda kubatizwa. Injinia akaanzia chini. Kikalia. Akachora. Shibiri moja juu, kikalia. Akachora. Nikasubiri kinyamaze. Kikalia. Akapanda ngazi, kikalia, kikalia, kama saa ya ukutani. Akapasua kidogo kwa tindo mahali pamoja, zege likatoka, akamulika tochi ndani.

"Njoo uone," aliniita, amefurahi. "Ncha imekunjwa ndani, vizuri kabisa. Ndugu yangu, tangu Maseno sijaona nguzo nzuri kama hii. Hasira yako imekosea njia."

Alishuka, akanirudishia kisanduku, akafungua kitabu chake juu ya boneti.

Nilikuwa nimesimama pale na kisanduku mkononi na sielewi. Nikaelewa. Ile ilikuwa nguzo ya mwisho. Ringi zile zilizunguka na kuzunguka, zikaja kufika hapa, na baada ya hapa hapakuwa na nguzo nyingine ya kumngojea inspekta. Zakayo alituambia, ziacheni tu. Wageni walikuwa wamelala hapa moja kwa moja. Na hii ndiyo nguzo pekee ambayo mtu anaweza kuifikia bila kulowa.

"Injinia, pima nyingine."

"Kwa nini? Maji yale yatanichukua mimi na kilemba."

"Pima ya tatu."

"Yona. Nipe sababu. Si wezi, si laana. Sababu."

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa anashuka ukingoni na kibuyu cha uji na vikombe. Nilimjua kwa mwendo. Min Achieng', yaani mama wa Achieng', mjane wa Nikodemo. Boma lake liko juu pale, nyuma ya miti ya mikakaya. Tangu mazishi sikuwahi kukanyaga kwake. Nilijua atakuja, wageni wanapewa uji, lakini nilikuwa nimeomba tumalize kabla.

"Yona Obuya," alisema. "Basi uko hai. Mimi nilidhani mguu umekatazwa njia hii."

"Min Achieng'."

"Kunywa kwanza. Halafu mwambie mzee huyu unachotaka kumwambia. Nimewasikia kutoka juu."

Sikunywa. Nikasema. Nilisema huku macho yangu yako kwenye nguzo, si kwa watu, kwa sauti ndogo mpaka Kizito akasogea karibu. Ringi za wageni. Waya laini. Kuku wa Kisaka. Kuvua kwa juu kama fulana. Injinia aliuliza swali moja tu.

"Nani alizivua?"

Nikawataja wote. Ogada aliyetaka, Zakayo aliyebuni, Kisaka aliyekula. Injinia akangoja, kalamu haijagusa karatasi.

"Hao walisema. Nimeuliza nani alizivua."

"Mimi."

"Peke yako?"

Hapo nilimtazama Min Achieng'. Kwa miaka yote yeye alikuwa mke wa mtu aliyeuawa na wezi. Nikasema, "Peke yangu."

Alichukua kikombe changu ambacho sikukinywea, akamwaga uji chini, pole pole. "Usinidanganye mbele ya wageni," akasema. Akapanda zake kilimani.

Nguzo ya tatu

Wachimba mchanga wa Nyadundo wana ngalawa yao ya mbao, pana, nzito kama kitanda. Walitufunga kwa kamba kwenye mti, wakatuachia mkondo utupeleke mpaka nguzo ya tatu. Injinia alivua kilemba, akakiweka kwenye mfuko wa nailoni. Sikuwahi kujua kwamba nywele zake ni nyeupe hivyo. Kizito alibaki ufukoni ameshika mwisho wa kamba, ingawa ulikuwa umeshafungwa.

Juu kabisa kisanduku kililia mara tatu. Halafu injinia akakishusha. Shibiri moja, kimya. Mbili, kimya. Akakigonga kidogo, akakirudisha juu kwenye ringi ya tatu: kikalia. Akashuka tena, pole pole, mpaka mkono wake ukaingia majini. Kimya tupu. Chaki ilikuwa mkononi mwangu na sikuwa na pa kuchora.

Alinitazama. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kama chakula.

"Tangu Kisumu ulikuwa unajua," alisema.

"Ndiyo."

"Ningetia sahihi, Yona. Dakika kumi zaidi, ningetia sahihi kama yule Kisaka."

Akaanza kukunja waya wa kisanduku. Mkondo ulikuwa unatusukuma kwenye nguzo na mimi nilikuwa nimeegemea kiganja changu pale, juu ya zege, tusigonge. Baridi yake bado naisikia.

Min Achieng' alikuwa amerudi. Alikuwa ameshika kitu cheusi kwa masizi, cha pembe nne. Alikiweka juu ya boneti, kwenye kitabu cha injinia kilichofunguliwa.

Ringi. Ncha mbili zimekunjwa ndani, kwa pembe ile ile.

"Niko alikuja nayo, moja iliyozidi, siku walipomaliza," alisema. "Naweka chungu juu yake, mawe ya jiko langu hayalingani. Alinieleza ilikotoka. Alicheka mwanzoni. Halafu hakulala vizuri. Alikuwa anataka kwenda kusema, na wewe, Yona, ulimwambia mtafukuzwa kazi."

Kizito akaangalia viatu vyake. Mimi sikuwa na pa kuangalia. Ni kweli nilimwambia hivyo. Nililisahau, au nililizika pamoja naye, sijui.

Injinia akaigeuza ringi, akaipima kwa rula, akailinganisha na alichoona kwenye nguzo ya nne. "Mama, naweza kuondoka nayo? Maneno ya Yona peke yake watasema ni ya mlevi. Hii hawawezi."

"Chukua. Lakini andika jina la mume wangu. Andika kwamba alipokea chini. Asiachwe nje kama mtoto." Akanigeukia. "Na mimi sasa chungu nitakiweka juu ya nini?"

Kurudi

Tulirudi kwa njia ile ile. Ahero maji yalikuwa yamekauka, mama wa samaki yuko kando ya barabara kavu na sufuria yake, akatupungia. Injinia alisimamisha gari, akanunua, akanipa kipande bila kuniangalia. Nilikila. Kilikuwa cha kwanza kushuka vizuri kwa siku sita.

Karibu na nyumbani alinisomea alichoandika. Majina matano: Ogada, Owiti, Kisaka, Nikodemo, na langu. Langu lilikuwa limeandikwa sawasawa, herufi zote. Nilimuuliza kama watanifunga. Akasema hajui. Nikamuuliza kama watalitengeneza daraja. Akasema mapendekezo yake ni malori mazito yazuiwe leo, na nguzo tatu zizungushiwe vyuma na zege jipya kutoka nje, kabla ya mvua nyingine. "Nimeandika," alisema. "Kusomwa si kazi yangu."

Kizito amepita pale juzi. Anasema kibao cha kuzuia malori kimesimama, na malori yanapita mbele ya kibao. Vyuma bado. Kwa hiyo mkiniona nasimama na kukaa, nasimama na kukaa, msiniulize kama ni mguu. Na mkipita Nyadundo kwa basi, shukeni, mvuke kwa miguu, mmoja mmoja, na mwambieni dereva nimesema.

Kile chuma cha pembe nne ni cha Min Achieng'. Nimekikunja mara nne na kukivunja mara tatu, maana ncha zilikuwa zinakataa kuingia ndani kama za zamani; mikono imesahau. Cha nne kimekubali. Jumamosi nitampelekea mwenyewe, na akinipa uji nitakunywa.